Dereva Mkuu wa Gari Asiloliendesha

Attracta Gilhooly alipanga vikombe viwili mezani, akaviondoa, kisha akavirudisha. Hakujua kama mkaguzi wa bima hukaribishwa chai, wala hakuwa na mtu wa kumuuliza. Tangu mumewe Malachy afariki, miaka sita sasa, maswali madogo ya namna hiyo alimwuliza Mungu, na Mungu kwa uvumilivu wake alimwacha ajijibu mwenyewe.

Simu ililia. Alikuwa Fiachra, mtoto wa mdogo wake wa mwisho, kijana wa miaka ishirini anayejifunza ufundi umeme mjini Athlone.

"Shangazi, umeshika tuliyoongea?"

"Nimeshika."

"Haya, tujaribu. Gari ni la nani?"

"La kwangu."

"Nani analiendesha zaidi?"

"Mimi. Wewe unaliazima mara moja moja."

"Safi! Unaenda nalo wapi?"

"Kanisani. Duka la dawa. Na kwa daktari wa macho, Roscommon mjini. Lakini mwanangu, huyo wa macho si tumtoe? Yule bwana atajiuliza kama naona barabara."

Fiachra akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Mtoe basi. Shangazi, usiongeze neno. Ukiulizwa, jibu, nyamaza. Ukianza hadithi zako tumekwisha."

"Yule mama anaendeleaje?"

"Wamemtoa hospitali. Mguu bado una vyuma. Nitakupigia jioni."

Yule mama aliitwa Noreen Tighe. Wiki tatu nyuma, asubuhi yenye ukungu, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli kwenye barabara ya Athlone. Fiachra alikuwa amechelewa, gari limejaa nyaya na vifaa vya kazi. Kwenye kona alimwona akiwa ameshamfikia, akamgonga. Hakukimbia. Aliita gari la wagonjwa, akavua koti lake akamfunika, akamshika mkono mpaka walipofika. Attracta alimshukuru Mungu kwa hilo kila usiku, kisha akamwombea Noreen, kisha akakaa kimya muda mrefu, maana sala ya tatu hakujua aianzeje.

Mambo yalianza mwaka jana tu. Fiachra alikuwa amenunua gari dogo la Golf, jekundu, la mkono wa tatu. Kampuni alizozipigia zilimtajia bei ya bima iliyozidi bei ya gari lenyewe. Jioni moja akaja kwa shangazi yake na keki ya dukani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Shangazi, wewe ndiye dereva bora Ireland nzima, unajua?"

"Mimi? Nenda zako!"

"Kweli. Nimeuliza. Leseni tangu mwaka sabini na tisa, hujawahi kugonga hata kuku. Bima ikiwa kwa jina lako, wewe dereva mkuu, mimi dereva wa ziada, inashuka mpaka theluthi moja. Kila mtu anafanya hivyo. Darasani kwetu nusu ya vijana magari yao ni ya bibi zao."

Ile leseni yenyewe Attracta hakuifanyia mtihani. Mwaka 1979 foleni ya mtihani ilikuwa ndefu mno, hata serikali ikaamua kuwapa leseni kamili watu waliokuwa na za muda, wakaepuka foleni. Attracta alikuwa na miaka ishirini na mitano, mchumba wake ana gari, na gari aliliendesha mara nne au tano ng'ombe wakimtazama shambani. Baada ya harusi aliendesha Malachy. Baada ya Malachy, hakuendesha mtu.

Alijua kwamba fomu ya bima aliyoletewa ilisema uongo. Lakini Fiachra alisema, "Nitakuwa nalileta kila Jumapili, lionekane uani kwako. Tutaenda misa pamoja, nitakula kwako." Attracta akatia saini kabla ya kumaliza kipande chake cha keki.

Na kijana hakuvunja ahadi. Kila Jumapili saa tatu na nusu Golf iliingia uani. Waliketi pamoja benchi la nne, kisha wakarudi kula nyama ya nguruwe na kabichi, naye Fiachra akimsimulia vituko vya fundi wake mkuu ambaye kila siku alisahau kuzima umeme kabla ya kushika waya. Saa tisa aliondoka. Attracta alijua kinacholetwa pale ni gari. Lakini sauti ya mtu ilikuwa ndani ya nyumba, na kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi alikuwa na kitu cha kungoja.

Saa nane mchana mkaguzi akabisha hodi. Bwana Kinsella alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mafua. Chai aliipokea kwa mikono miwili.

"Mungu akubariki, Bi Gilhooly. Leo ni nyumba ya tano, na huko kwingine kote wamenipa maswali tu." Akafungua faili. "Sitakuchosha. Gari ni lako?"

"Ndiyo."

"Na huwa linalala hapa?"

"Ndiyo," akasema Attracta, akatazama kikombe chake.

"Unaliendesha wewe zaidi?"

"Naenda nalo kanisani," akasema. Kati ya uongo wote aliofundishwa na Fiachra, ulimtoka kwanza ule wa kwenda mbele za Mungu.

Bwana Kinsella aliandika, akageuza ukurasa, akatabasamu. "Unajua, mama, kazi yangu ni kuona watu kwa ubaya wao. Lakini hii rekodi yako sijaona mfano wake. Miaka arobaini na mitano barabarani. Hujawahi kumgonga mtu, hujawahi kudai hata kioo. Nikirudi ofisini nitawaonyesha vijana. Nitawaambia, hivi ndivyo mtu anavyoendesha."

Alikuwa akisema kweli, si mtego. Angekuwa ametega, pengine Attracta angeweza kujikaza. Lakini hakuwa amezoea kusifiwa. Akaiona miaka ile yote, mmoja baada ya mwingine: dirisha la jikoni, uzio, lori la maziwa likipita bila kusimama, mikono yake juu ya magoti katika kiti cha abiria.

"Usiwaonyeshe," akasema.

"Samahani?"

"Usiwaonyeshe hao vijana. Sijamgonga mtu kwa sababu sijaenda popote."

Bwana Kinsella akaiweka kalamu mezani taratibu. "Bi Gilhooly, ngoja kwanza. Ukiendelea nitalazimika kuandika. Una haki ya kuongea na mwanasheria kabla."

"Andika tu. Gari ni la mtoto wa mdogo wangu. Linalala Athlone. Huenda nalo kazini kila siku. Mimi tangu niolewe sijashika usukani. Saini ni yangu, hakunilazimisha. Niliitia kwa sababu..." Sababu yenyewe haikuwa na nafasi katika fomu ile.

"Kwa sababu ilikuwa nafuu kwake," Bwana Kinsella akamsaidia.

"Hapana. Andika hivyo kama unataka, lakini hapana."

Mkaguzi alipenga kamasi, akamweleza bila ukali. Noreen Tighe angelipwa, sheria haimwachi mtu aliyegongwa. Lakini bima ingefutwa, na kampuni ingeweza kuwadai wote wawili kile itakachomlipa. Na Fiachra, kila atakapoomba bima maisha yake yote, angeulizwa kama aliwahi kufutiwa, na angepaswa kujibu ndiyo.

"Yeye bado mtoto," Attracta akasema.

"Ndio maana wao huwa wanakuja kwenu wazee," akajibu Bwana Kinsella. Mlangoni akasita kama mtu mwenye neno zaidi, kisha akamshukuru kwa chai.

Attracta hakungoja jioni. Alipiga simu mwenyewe, amesimama.

"Enhe, shangazi! Ameshaondoka? Umemwambiaje?"

"Nimemwambia kweli."

"Kweli ipi?"

"Yote."

Upande wa pili mashine ya kutoboa ukuta ilikuwa ikinguruma. Ikazimwa.

"Shangazi, unanitania."

"Sikutanii, mwanangu."

"Maneno mawili tu! Nilikuomba maneno mawili tu! Unajua umenifanya nini? Nani atanipa bima sasa? Bila gari hili sina kazi. Nimekuja kwako kila Jumapili, mwaka mzima, nakaa na..." Akaishia hapo.

"Nakaa na nani? Malizia."

Upande wa pili kifaa kikatupwa sakafuni.

"Najua ulikuja kwa ajili ya gari," Attracta akasema. "Sikukulaumu. Na mimi nilitia saini kwa ajili ya Jumapili. Tumedanganya wawili, kila mtu na lake, na aliyevunjika mguu ni Noreen Tighe. Nisingeweza kwenda kupokea komunyo nikiwa nimekaa pembeni yako na hilo kati yetu. Kukaa peke yangu naweza, nimezoea. Uongo huo mbele za Mungu ndio ulionishinda."

Upande wa pili mashine haikuwashwa tena.

"Deni likija, shamba la nyuma lipo. Nitaliuza," akasema tena. "Na kwa Noreen nitaenda. Nitapanda basi. Ukitaka kuja, njoo. Usipotaka, nitamwambia ulimfunika koti lako, ingawa hilo analijua."

Attracta alisikia mtu akimwita Fiachra kwa mbali, akasikia hatua, mlango, kisha upepo. Kijana alikuwa ametoka nje. Attracta akangoja ule mlio wa simu kukatwa. Alijitayarisha kuusikia kama anavyojitayarisha mtu anayechomwa sindano.

Haukuja. Kulikuwa na upepo tu, na kijana akipumua kama mtu anayejizuia kulia. Attracta alivuta kiti kwa mguu, polepole kisipige kelele, akaketi na simu sikioni.