Hasi Arobaini

Sisi watu wa Naryn, mji wa milimani, tuna ugonjwa mmoja: tunajisifia baridi. Mtu wa Bishkek, mji mkuu, akisema leo kuna baridi, tunamcheka mpaka ajute kufungua mdomo. Mimi Jumaly, fundi wa giaboksi za otomatiki kwa miaka ishirini na miwili, naugua ugonjwa huo kuliko wenzangu, na Januari iliyopita uliniponza.

Kalyicha, mwalimu mstaafu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, alileta gari lake Jumanne jioni. Alisema linanguruma na gia ya mwisho haiingii hata alikimbize vipi. Nikamwambia aliache ndani ya gereji, nilipime asubuhi. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya haki. Binti yake Elnura alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu, na uzazi wake wa kwanza ulimtoa damu nyingi nusura afe. Safari hii madaktari walisema akajifungulie Bishkek, penye damu ya akiba, na njia ya kwenda huko ni kuupanda mlima Dolon.

Jumatano asubuhi nje kulikuwa na nyuzi hasi thelathini na nane. Nikachomeka mashine ya kupimia. Ikaniambia oili ya giaboksi iko hasi arobaini. Nikacheka.

"Gari lako ni zima, dada. Linasikia baridi tu. Oili ikiwa nzito hivi, kompyuta inaizuia gia ya mwisho mpaka ipate joto."

"Jana niliendesha saa nzima, Jumaly. Halikubadilika."

"Hapa Naryn, saa nzima ndiyo nini? Nenda nalo. Oili ikizidi joto taa nyekundu itawaka hapo mbele, uitazame hiyo tu."

"Nambeba mwanangu humo."

"Ulipowafundisha wanangu hesabu nilikuja darasani kukuuliza mbili na mbili? Haya basi. Na hili niachie mimi."

Akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyekuja bila daftari, lakini ufunguo akauchukua. Saa mbili yeye na Elnura walikuwa wameshaondoka.

Nikarudi ndani ya gereji kunawa. Kando ya jiko la makaa huwa naweka ndoo ya maji, na gari la Kalyicha lilikuwa limelala hatua mbili tu kutoka kwenye ndoo hiyo. Nikatumbukiza mikono. Maji yalikuwa vuguvugu.

Nilibaki vile vile, mikono majini. Jiko lilikuwa limewaka usiku kucha. Maji yana uvuguvugu, na oili iliyolala kando yake iwe imeganda kuliko hata theluji ya nje? Hasi arobaini ndiyo namba inayotokea sensa, kile kihisi cha joto la oili, ikikatika ndani, maana kompyuta haipati habari yoyote na inadhani ni baridi ya mwisho. Jambo hilo nawafundisha wengine. Fundi wa mji wenye joto akiiona namba ile anaishuku sensa papo hapo. Mimi niliiona nikajisifia Naryn yangu.

Kilichonitia hofu si kunguruma. Kompyuta iliyodanganywa ingeinyima giaboksi gia ya mwisho njia nzima, oili ikasukwa na kusukwa kwenye mwinuko wa Dolon mpaka ichemke. Na ile taa niliyomwambia aitazame isingewaka kamwe, kwa sababu kompyuta iliamini oili ni barafu.

Nikapiga simu, haikupatikana. Ukishapita kijiji cha Ottuk hakuna mtandao. Nikarukia gari langu kuukuu, Niva, nikawafuata, najitukana njia nzima.

Niliwakuta karibu na kilele. Harufu ya oili iliyoungua ilinifikia kabla sijafungua mlango. Kalyicha alikuwa amesimama kwenye theluji, ufunguo mkononi. Elnura alikuwa kiti cha nyuma, amekumbatia kiti cha mbele, anavuta pumzi meno yameumana. Uchungu ulikuwa umeanza.

"Taa haikuwaka," Kalyicha alisema. "Niliitazama kama ulivyoniambia."

Tulimhamishia Elnura kwenye Niva, gari lile tukaliacha pale pale. Siku tatu baadaye nililivuta, nikaitoa sensa, nikaifunga kwenye mita na kuichovya ndani ya bakuli la chai ya moto. Sensa iliyo nzima ikipata joto, namba ya ukinzani kwenye mita huanza kushuka. Ya hii haikutikisika. Nilikuwa nimeshajua, ila nilitaka macho yangu yaadhibiwe.

Siku ile Bishkek tusingeifikia. Tuliteremka upande wa pili wa mlima hadi hospitali ndogo ya kwanza, isiyo na daktari bingwa wala damu ya akiba. Wakamwingiza Elnura, mlango ukafungwa. Kalyicha akakaa kwenye benchi. Mimi sikuthubutu kukaa karibu naye. Mara mbili muuguzi alitoka mbio akarudi na mashuka. Niliomba, mimi ambaye siombi mpaka msibani.

Saa tisa alasiri muuguzi akatoka, safari hii akitembea.

"Mtoto wa kike. Mama damu imesimama. Joto lake ni thelathini na sita na nusu."

"Umemgusa?" nikauliza.

"Nani?"

"Mama. Kwa mkono wako. Miguu yake ina joto?"

Muuguzi akanishangaa. "Nimemgusa, mzee. Ana joto."

Kalyicha akainuka kwenye benchi.

"Na gari langu ungeligusa, Jumaly," alisema taratibu. "Lililala kando ya jiko lako."

Akaniwekea ufunguo kiganjani, akaingia kumwona mwanawe.