Mlinzi Aliyefungua Geti

Mzee Tarcisio aliletwa hospitalini akiwa amebanwa katikati ya watu wawili juu ya bodaboda, kichwa kikimlegea kifuani. Mguu wake wa kulia, uliobaki na vipande vya chuma tangu enzi za uaskari wake, ulikuwa umevimba na kutoa usaha. Jirani aliyemleta kutoka Namuwongo hakujua lolote juu yake zaidi ya jina. Binti yake, Apio, alikuwa kibaruani akifua nguo za watu, na simu yake haikupatikana.

"Nipe faili lake," muuguzi alisema dirishani.

Akeyo, karani wa mafaili, aliandika jina. Kioo cha kompyuta kilibaki vilevile kilivyokuwa tangu alipofungua ofisi asubuhi: chekundu kitupu, na maneno yakimwambia kwamba mafaili yote yametiwa kufuli, na anayeyataka awalipe waliotia kufuli. Alizima, akawasha. Wekundu ukarudi.

Karatasi hazikuwepo. Siku Daktari Ssebunnya, mwenye hospitali, alipozindua kompyuta, mafaili yote ya zamani yalipakiwa kwenye pikapu, yakaenda kufungia karanga sokoni. Hospitali ya kisasa hainuki vumbi, alisema, na wageni wake wakapiga makofi na kula sambusa.

"Mzee huyu kuna dawa amekatazwa," Akeyo alisema. Ni yeye aliyeandika onyo lile, kwa herufi nyekundu, Apio alipomleta baba yake mara ya kwanza. Lakini tangu siku hiyo alikuwa ameandika wagonjwa wangapi? "Ni sindano. Jina lake ndilo linanikimbia. Tumngoje binti yake, tafadhali."

Daktari Ssebunnya alikuwa amesimama nyuma yake. Na wenzake alisema Kiingereza, nyumbani Kiganda. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya askari, wezi na Akeyo, kwa kuwa Akeyo alitoka Kenya.

"Nangoja nini? Mutu nakufa. Wewe ndio dakitari?"

"Hapana, daktari."

"Basi nyamaza." Akamgeukia muuguzi. "Muchome."

Mzee alichomwa. Haukupita muda midomo ikaumuka, koo likaziba, akawa anavuta hewa kama anayeinyonya kwenye tundu la sindano. Apio alipoingia mbio, mapovu ya sabuni hayajamkauka mikononi, baba yake alikuwa ameshafunikwa shuka.

"Penisilini!" Apio alipiga kelele. "Akeyo, si nilikuambia? Si uliandika mbele yangu?"

 Neno lenyewe, lile alilolitafuta Akeyo asubuhi nzima, sasa lilikuwa limejaa chumba kizima. 

Programu ya kulinda kompyuta zile iliitwa Ngao. Aliyeiuzia hospitali alikuwa Bwana Kirabo, shemeji wa daktari, mtu wa suti za kung'aa aliyekuwa akiuza magodoro kabla ya kugundua kwamba woga una wateja wengi kuliko usingizi. Kwa majuma mengi Ngao ilikuwa ikitoa ujumbe wa manjano kila asubuhi: imeonekana kasoro ndani yake yenyewe, irekebishwe upesi. Akeyo alimpelekea daktari habari hizo. Alipompelekea tena, daktari hakuinua hata macho.

"Ile kitu natoka Uraya, wewe natoka Kisumu. Nani najua zaidi? Kama nabweka, funga mudomo yake."

Akeyo akawa anaufunga ujumbe, kila ulipotokea, kama alivyoagizwa.

Baada ya mazishi akaitwa Emile, fundi Mkongo mwenye kibanda Bukoto. Alikaa na mashine kutwa, kisha akamwambia daktari, Akeyo akisikia:

"Wezi hawakuvunja mulango, patron. Mulinzi mwenyewe ndiye aliwafungulia. Hii Ngao inaruhusiwa kuingia kila mahali, na iko na tundu. Walipita mule. Wenye kuitengeneza walisema zamani, wakatoa dawa yake. Hapa hakuna mutu aliiweka."

"Asante," daktari alisema. "Hiyo maneno naisha hapa."

Emile akafungasha vifaa vyake, akaondoka. Hakuitwa tena.

Aliyeitwa ni Bwana Kirabo. Alisimama mbele ya wafanyakazi, mikono mfukoni, akinukia kama duka la manukato.

"Programu haikosei," alisema. "Popote duniani, tundu ni binadamu. Mimi nauliza jambo moja tu. Nani alikuwa anafunga maonyo?"

Macho yote yakaenda kwa Akeyo.

"Ni mimi," alisema. "Lakini daktari ndiye aliyeniambia nifunge. Muuguzi alikuwepo, alisikia."

Muuguzi alitazama viatu vyake. Alikuwa na watoto, na mume wake alikuwa ameachishwa kazi. Daktari Ssebunnya alitikisa kichwa kwa huzuni, kama baba aliyeangushwa na mwanawe.

Polisi walikuja kumkamata Akeyo, na kielelezo cha ushahidi walikichagua wenyewe. Waling'oa kioo, kwa sababu wekundu ule ulionekana kiooni. Sanduku la kompyuta, lenye mafaili na tundu lile, walilisogeza kwa mguu, wakaliacha chini ya meza, ambako Bwana Kirabo tayari alikuwa amepiga magoti akiweka Ngao mpya, ya bei kubwa zaidi.

Kituoni walimvua Akeyo viatu, kama wanavyovuliwa wote. Afisa Okullo akamtoa uani juani, waandishi wa habari wakimngoja.

"Wewe natoka kwenu Kenya kuja kuua wazee yetu ya vita?"

"Afande, mimi sikumuua mtu. Muulizeni Emile, yule fundi."

"Emile ndio nani? Shika kielelezo."

Kioo kilikuwa kizito. Mbele ya umati alimwona Apio, kitambaa cha msiba kichwani. Daktari Ssebunnya alikuwa amemshika bega kwa upole, na dereva wake nyuma yao amebeba gunia la sukari la rambirambi. Apio alimkazia Akeyo macho, akatema mate chini.

"Shusha kidogo, dada," mpiga picha alisema. "Uso hauonekani."

Akeyo akashusha. Waya ulining'inia mbele yake, na kila kioo kilipomteleza, plagi ilimgonga kidole cha mguu.