Mabweni Mawili

Fundi viatu alikuwa mtu wa kuamua mambo chapchap, lakini siku ile alisimama kando ya barabara akashindwa hata kuinua mguu. Upande huu palikuwa na gesti, chumba cha watu wawili chenye mlango wa kufunga. Upande wa pili kulikuwa na hosteli: bweni la wanaume chini, la wanawake juu, vitanda vya ghorofa, jiko na vyoo vya wote. Mkewe alikaa juu ya begi lao, kitambaa kichwani, akimtazama.

"Daktari kasema mionzi yangu ni wiki tatu," mkewe alisema. "Gesti tutakaa wiki moja, mfuko umekauka. Halafu?"

"Binti yetu alisema atatuma nyongeza."

"Binti yetu ana mimba na kodi ya nyumba inamkaba. Mwache apumue."

"Mama watoto, tangu tuoane hatujawahi kulala mbalimbali."

"Basi tutarudi kuwa wachumba. Utakuwa unanisubiri chini ya ngazi, umechana nywele."

"Nywele zenyewe ziko wapi?" Fundi akapapasa upara wake. Wakacheka wote wawili, na kicheko hicho ndicho kilichoamua. Wakavuka kwenda hosteli.

Ikawa hivyo. Kila asubuhi saa moja Fundi alisimama chini ya ngazi na chupa ya chai. Mkewe alishuka polepole, ameshika ukuta.

"Umelalaje?" Fundi aliuliza.

"Kama gogo."

Kisha walikwenda hospitali kwa miguu, wakipumzika kila walipoona mahali pa kukaa. Wiki ya pili miguu ya mkewe ilivimba. Fundi akafumua viatu vyake pembeni, akaongeza vipande vya ngozi, akavishona upya akiwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa.

"Tuhamie gesti," alimwambia Alhamisi moja. "Hata kwa siku hizi zilizobaki."

"Zimebaki sita tu. Usianze kunidekeza leo."

Fundi hakubisha. Ukweli ni kwamba moyoni alishukuru kukataliwa, maana alikuwa amekwisha piga hesabu na alijua wangekwama. Shukrani hiyo ndiyo iliyokuja kumtafuna baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Ijumaa mkewe hakushuka. Saa moja ikapita, ikafika saa mbili kasoro. Wasichana walishuka na mikoba yao, wakamwamkia, wakapita. Wanaume hawakuruhusiwa kupanda ngazi zile, kwa hiyo alimwomba msimamizi wa hosteli, mama mmoja mkali wa maneno, amwitie. Mama yule alipanda akinung'unika. Aliporudi alisogea kando, akamwachia njia.

"Baba," alisema. "Panda tu."

Fundi akajua. Alipanda huku chupa ya chai ikiwa bado mkononi.

Kitanda cha mkewe kilikuwa ubavuni mwa mlango wa bafu, mlango uliobamizwa kila mtu alipoingia na kutoka. Alikuwa amelala ubavu, amefunikwa mablanketi mawili. Mwanafunzi aliyelala kitanda cha juu yake alikuwa amekaa sakafuni, macho mekundu.

"Alfajiri alisema anasikia baridi," binti yule alieleza. "Nikampa blanketi langu. Nikamwambia nikuite, akakataa. Akasema mwache mzee alale, amechoka, tutaonana saa moja. Nikamshika mkono. Nilidhani amesinzia, baba. Nisamehe."

"Huna kosa, mwanangu." Fundi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Hebu niambie. Alikuwa analala vizuri humu?"

Binti akainamisha kichwa. "Hapana. Alikuwa anakaa tu, ameegemea mto, mpaka kunapambazuka."

Fundi akaitoa mikono ya mkewe chini ya blanketi, akaishika. Ilikuwa baridi, naye akaisugua hata hivyo. Nje ya mlango msimamizi aliwazuia watu wasiingie, na mwenye haja ya bafu alielekezwa kwingine. Hakuna aliyemwambia Fundi atoke.

Simu yake ikalia. Alikuwa binti yake, aliyekuwa na kawaida ya kupiga kila asubuhi. Fundi alipomweleza, upande wa pili ukapiga ukelele, kisha ukauliza kwa sauti ndogo:

"Baba, mlikuwa pamoja?"

Fundi akamtazama mwanafunzi aliyekuwa bado sakafuni.

"Hakuwa peke yake," alijibu.

Akaibana simu sikioni, akamsikiliza mwanawe akilia.