Kufufua Hakumo Kwenye Mkataba

Kazi ya Jepkosgei ilikuwa kuwapigia simu wanajeshi wastaafu na kuwauliza, kwa adabu, kama bado wapo. Kampuni yake, iliyokaa juu ya duka la mazulia pale Laurel, Marekani, ilikuwa imepewa mkataba na serikali wa kutunza sajili ya saratani ya hospitali ya wastaafu hao: nani aliugua, alitibiwa vipi, na kila mwaka, je, yu hai? Serikali ilitaka karibu wote wajulikane walipo. Walio hai walisumbua, maana huhama, hubadilisha namba, hukasirika. Maiti haulizwi sanda, seuze kuulizwa hali. Ukishamwandika amekufa, amejulikana alipo milele, na takwimu za kampuni zinapendeza.

Wenzake walimaliza simu upesi. Jepkosgei hakuweza. Alilelewa Kapsabet, na kwao humwulizi mtu habari za ugonjwa kabla hujamwuliza ameamkaje, majirani hawajambo, na mvua imenyesha au la. Wengi walimkatia simu. Mzee Wayne wa Bladensburg hakukata. Hakuwa na mke wala mtoto, alikuwa na doa kwenye pafu ambalo madaktari walilichunga, na kila mwaka mazungumzo yao yaliishia kwenye nyanya alizopanda ndani ya ndoo nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo Septemba ile ya 2007, alipofungua faili na kukuta mzee ameandikwa marehemu, Jepkosgei alilia pale pale mezani. Ethan wa meza ya pili ndiye aliyemwandika. Alikuwa ameona jina hilo kwenye matangazo ya vifo gazetini, naye hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili.

Kilichomuumiza Jepkosgei zaidi ni ile nafasi ya jamaa wa karibu. Ilikuwa tupu. Mtu amekufa na hana wa kumlilia! Jumapili, kanisani Takoma Park, alimweleza Mama Chelagat, mwenyekiti wa kamati ya misiba. Hapo alivunja sheria, na alijua, kwa kuwa alikula kiapo cha kutotaja jina la mgonjwa hata kwa mumewe. Lakini mtu akishakufa, alijiambia, siri ya nini tena?

"Hana mtu?" aliuliza Mama Chelagat. "Kwani hana mlango? Tutamlilia mlangoni."

Jumamosi wakashuka Bladensburg na sufuria mbili za pilau, chupa za chai, kwaya, na ratiba iliyochapishwa yenye maua pembeni. Wakapanga mistari kwenye ngazi, wakaanza wimbo. Ubeti wa pili haukufika mbali. Mlango ulifunguliwa, akatoka mzee mrefu, soksi mguu mmoja, nyanya mkononi.

"Mnamtafuta nani?"

"Tumekuja kwa ajili ya marehemu Wayne," alisema Mama Chelagat.

"Ndiye mimi."

Jepkosgei aliitambua ile sauti. Furaha na hofu vilimpanda pamoja, asijue aanze na kipi.

Watu wengine wangeomba radhi na kurudi makwao. Si kamati ile. Mama Chelagat alimtazama marehemu juu hadi chini, akaitazama ratiba, akatazama sufuria. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," alisema. "Pilau imeiva, na Mchungaji Eliudi amejiandaa wiki nzima. Mzee, utaturuhusu?"

Mzee Wayne alinusa hewa, akasema waingize viti. Akakaa mbele, mahali ambapo lingekaa jeneza, akasikiliza wasifu wake. Jepkosgei ndiye aliyekuwa ameuandika, kutokana na zile simu. Ilipofika sehemu ya upole wake, mzee aliomba isomwe tena.

Wakati wa kuosha vyombo ndipo alipomweleza Jepkosgei kilichomsibu. Hospitali ilikuwa imefuta kipimo chake. Doa lilikuwa limekua, daktari alitaka picha mpya ya pafu upesi, lakini alipopiga simu aliambiwa mgonjwa huyo amefariki. "Wakanipa pole," alisema. "Wakaniuliza mimi ni nani wake."

Jumatatu asubuhi Jepkosgei alikuwa ofisini kwa Fidelis, meneja, mtu wa Moshi, mpole kupita kiasi.

"Pole sana, dada," Fidelis alisema. "Ila usome mkataba. Tunalipwa kuwatafuta walio hai na kuandika waliokufa. Kumtoa mtu huku na kumrudisha kule hakupo. Kufufua hakumo kwenye mkataba."

"Si tuombe kipengele kiongezwe, bosi?"

"Marekebisho ni mwakani, Mungu akipenda. Halafu wataniuliza tumejuaje. Nime-check, hakuna simu aliyopigiwa. Umejuaje yu hai, dada?"

Jepkosgei akauliza kama kuna karatasi yoyote ambayo serikali huipokea kutoka kwa mtu aliyekufa. Fidelis alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Ipo moja. Malalamiko ya kuvunjiwa siri. Hiyo mwenyewe anakwenda na kitambulisho, anaapishwa, na ofisa anaandika kwamba amemwona kwa macho yake. Hapo system inamhesabu hai, kwa sababu maiti hashtaki." Akashusha sauti. "Ila lazima apatikane mtu aliyevunja siri."

Hakumwuliza neno jingine. Alimfungulia mlango tu.

Kazi hii ndiyo iliyomtoa Jepkosgei kwenye zamu za kuogesha wagonjwa majumbani, ikampa kiti na dirisha. Aliipenda, na aliililia ndani ya basi njia nzima mpaka Bladensburg.

"Nishtaki, Mzee," alisema mlangoni.

Mzee Wayne alipomwelewa, alikataa kabisa. "Nimepigana vita. Sijawahi kumshtaki mtu aliyenilisha."

"Kosa ni la kweli. Nilikutangaza kanisani."

"Kosa lililokuja na pilau si kosa."

Jepkosgei alipandwa na hasira. "Doa linakua, wewe unaniletea uungwana! Nimeshakulilia mara moja, Mzee. Siwezi kukulilia mara ya pili kwa ajili ya ukaidi wako!"

Mzee akaenda kutafuta soksi ya pili.

Ofisa wa malalamiko, Bi. Audrey, alikuwa mwanamke makini asiyetabasamu. Alimwapisha mzee, akashika kalamu. Mtuhumiwa alikuwa amekaa kando ya mlalamikaji, amemshikia koti.

"Walikufanya nini?"

"Waliniimbia."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka jioni."

"Ulidhurika?"

Jepkosgei alimkanyaga kiatu chini ya meza.

"Sana," alisema Mzee Wayne. "Nilivimbiwa."

Bi. Audrey aliandika yote, akagonga mhuri: mlalamikaji ameonekana kwa macho. Kabla ofisi hazijafungwa, Serikali ya Marekani ilikuwa imekubali kwamba Mzee Wayne yu hai, na kwamba Jepkosgei ni mkosaji. Mzee alipata kipimo chake. Jepkosgei alipata barua ya kufukuzwa, ambayo Fidelis aliisoma kwa sauti, kisha akambebea vitu vyake hadi chini. Jumamosi kamati ilikuja kwake na sufuria zile zile kuomboleza kazi.

Doa lilikatwa mapema, kabla halijasambaa. Jepkosgei akarudi kuogesha wagonjwa.

Mwaka mmoja baadaye, mchana wa Jumapili, simu yake ililia. Ilikuwa ni Ethan, anasoma kwenye skrini kwa sauti ya mtu mwenye haraka, asijue anaongea na nani. Anapiga kuhusu mgonjwa anayeitwa Wayne ambaye hapatikani nyumbani kwake. Mgonjwa mwenyewe, kabla ya upasuaji, ameandika namba hii kwenye nafasi ya jamaa wa karibu. Je, yu hai?

Jepkosgei alimtazama Mzee Wayne, aliyekuwa upande wa pili wa meza yake akikata nyanya za kachumbari.

"Ethan," alisema, "nisalimie kwanza."