Kichwa cha Mama Futi

Mama Futi alishona nguo za watu mpaka macho yakamgomea. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni, hata sokoni alikwenda nayo. Na mdomo alikuwa nao! Mteja akibana tumbo wakati wa kupimwa, alilipiga kofi dogo: "Pumua, mwanangu! Nikushonee wewe au nimshonee jirani yako?" Kutwa nzima chumba chake cha kushonea kilijaa vicheko.

Siku hizi kimya. Mume alishatangulia, na binti yake wa pekee yuko nchi za mbali. Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake. Simu anapiga, tusimsingizie, lakini simu haikai kitini ikanywa chai nawe. Ndiyo maana watafiti wa hospitali walipotaka watu wazima wa kupimwa ubongo kwa mashine ya picha kila mwaka, wajue unavyozeeka, Mama Futi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Angalau kule kulikuwa na mtu wa kumshika mkono na kumpandisha kitandani.

Mwaka huu, siku chache baada ya kipimo, daktari wa utafiti alimpigia. Ubongo umeonekana umesinyaa sana kuliko mwaka jana, aje apimwe tena wahakikishe. Loo! Akampigia binti.

"Mama, nakuja," binti akasema huku analia. "Naomba ruhusa kazini leo hii. Nitakaa nawe hata mwaka mzima. Wakishahakikisha tu nipigie, nikate tiketi."

Sasa tuseme ukweli: mama huyu aliogopa siku moja, zilizobaki akafurahi. Alifua mashuka ya kitanda cha binti. Aliifunua cherehani akashona pazia jipya, mshono ukienda upande kwa macho yale, naye anaimba. Aibu ilimshika, mtu mzima kufurahia ugonjwa, lakini furaha haikumsikiliza.

Siku ya kupimwa alipokewa na dada wa mashine, yuleyule aliyempima siku ile, mgeni pale mwaka huu, aliyechukua nafasi ya bwana mmoja asiyekuwa na maneno.

"Mama, nimeiangalia ile picha. Imetikisika. Kichwa kikisogea, mashine inauona ubongo mdogo kuliko ulivyo. Mle ndani ulikuwa unasogea?"

"Nisogee niende wapi? Si wewe uliyekuwa unaniuliza kwenye spika kama niko sawa? Nikawa naitikia."

"Kwa kichwa?"

"Kwa kichwa, kwa mdomo, na habari za nyumbani nikakupa. Mtu akuulize hali umnyamazie?"

Dada alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Jamani, mama! Mashine ikishaanza kunguruma mimi sikusikii! Basi kosa langu. Leo sikuulizi neno. Ukizidiwa, minya huu mpira. Vinginevyo, tulia tuli."

Akalala, kichwa kikabanwa kwa sponji, akasukumwa ndani. Mashine ikaanza kugonga. Hapo ndipo hesabu ilipomjia: akitulia, picha itatoka safi, na huenda ubongo ukaonekana mzima. Ukiwa mzima, binti haji. Na akitikisa kichwa kidogo tu, kidogo hivi, nani atajua? Pazia limeshatundikwa. Shingo ikaanza kumkaza.

Ala! Kumbe leo ndiye yeye anayebana tumbo. Mwanawe aache kazi, avuke nchi, aje kuulilia ugonjwa usiokuwapo, kila asubuhi amtazame mama yake kwa hofu? "Pumua, mwanangu," akajiambia kimoyomoyo. Akatulia. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, yakamwasha kweli, na hakusogea mpaka kelele zikaisha.

Daktari alimwita alasiri. Picha ni safi, na ubongo haujasinyaa zaidi ya kawaida ya umri wake. Mama Futi akatoka, akakaa kwenye benchi la korido, akapiga simu.

Binti alipiga kelele za furaha, akalia, akamshukuru Mungu. Kisha akashusha sauti. "Basi mama, ile ruhusa niiache kwanza, eti? Nitakuja mwakani, Mungu akipenda, nikipata nafasi."

"Sawa, mwanangu. Mimi mzima, si umesikia?"

Alibaki na simu mkononi. Dada wa mashine akapita na begi lake, zamu imekwisha, akasimama.

"Vipi mama, uko sawa?"

Sasa hakukuwa na sponji wala kelele, na ruhusa ya kusogeza kichwa alikuwa nayo. Akakitikisa kushoto na kulia: hapana.

Dada akaweka begi chini, akaketi.