Birika Langu na Mtoto wa Kaburi Namba Kumi na Nne

Siku ambayo Profesa Oskarsen alikuja kutuambia sisi ni kina nani, nilikaa mbele kabisa ya darasa, kwa sababu wanaume walikuwa wameshajazana nyuma karibu na jiko la samadi. Kwa hiyo niliona kila kitu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Miaka miwili kabla ya hapo, profesa huyu alifika kijijini kwetu Thangdzong na kamba zake, akaingia katika mapango yaliyo juu ya mto ambamo watu wa kale walizika wafu wao. Shemeji yangu Ngodup, mdogo wa marehemu mume wangu na mkuu wa kijiji, ndiye aliyetia sahihi ya ruhusa. Walibeba mifupa. Wakachukua na mate ya wanaume kumi na mmoja wa hapa kijijini, ili wayalinganishe. Sisi wanawake tulipewa sufuria. Niliwapikia siku arobaini, na katika siku zote hizo hakuna aliyeniuliza neno lolote kuhusu mapango, isipokuwa kama ninaweza kupunguza chumvi kwenye chai ya siagi. Kuuliza si ujinga, lakini huenda huko kwao ni ujinga.

Sasa alikuwa amerudi na majibu. Alikuwa akisema, na Daktari Anjila, mwanamke wa Kathmandu anayefanya naye kazi, akitutafsiria.

"Mnasema watu wa mapangoni si wenu, kwamba waliondoka kabla nyinyi hamjaja. Sivyo. Vinasaba vya mtoto wa kaburi namba kumi na nne vinafanana na vyenu kuliko vya maiti yeyote tuliyempata katika milima hii. Amelala mle miaka elfu moja na mia tano. Tumepima ubao wa jeneza lake. Nyinyi ndio wajukuu wao."

Watu wakapiga makofi. Ngodup alichekelea mpaka jino la dhahabu likaonekana, maana alikuwa ameshachagua mahali pa kujenga jumba la makumbusho.

Kisha profesa akafunua kitambaa mezani. Chini yake kulikuwa na mfuniko wa jeneza, mdogo, na katikati yake duara jeusi lililoungua, lenye pengo upande mmoja. Akatueleza kwamba hilo ni jua, alama ya ibada ya kale, na lile pengo ni mlango wa roho.

Ubao ule ulikuwa rafu ya jikoni kwangu. Kwetu mti haumei, na ubao ni kitu cha kurithiana. Mume wangu aliushusha kutoka mapangoni alipokuwa akichunga mbuzi, kama wanaume wote wa hapa walivyofanya ujanani. Duara lile nililiunguza mimi, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nilipotua birika la moto bila kuweka kitambaa.

Mwaka wa tatu tulifiwa na binti yetu wa miezi mitano. Kwetu mtu mzima akifa huachiwa ndege tai wamle, lakini mtoto mchanga hapewi tai. Lama, kuhani wetu, alipiga hesabu zake, akasema awekwe ndani ya sanduku, kwenye mwamba mkavu, ili baraka ya nyumba isiondoke naye. Mume wangu aliivunja rafu akatengeneza sanduku. Mama haruhusiwi kupanda, kwa hiyo alikwenda peke yake, akarudi jioni, na hakuniambia ni pango lipi. Nami sikumuuliza.

Sikulia pale darasani. Hasira ilitangulia.

"Profesa," nikasema, "hilo jua lako ni birika langu."

Watu wakacheka. Ngodup akanikonyeza. "Shemeji Chimi, kaa chini. Usituaibishe mbele za wageni."

"Nimekaa miaka thelathini na mmoja, Ngodup. Makalio yamechoka."

Nyumbani kwangu ni hatua chache tu kutoka shuleni. Nilikwenda, nikarudi na birika, lile lile, jeusi, lililobonyea kitako pale lilipopigwa teke na nyumbu wa mizigo siku nilipoletwa kuolewa. Kabla hawajanizuia nikalitua juu ya mfuniko. Likaenea. Sehemu iliyobonyea ikakaa sawasawa kwenye mlango wa roho.

Profesa alizungumza kwa muda mrefu, na Daktari Anjila akafupisha: "Anasema ubao una miaka elfu moja na mia tano. Kipimo hakidanganyi."

"Hakijadanganya. Ubao ni wa kale kweli, umetoka kwenye makaburi hayo hayo. Ngodup, mlango wa zizi lako umetoka wapi?"

Nikawageukia profesa na daktari.

"Mlipima ubao," nikasema. "Na mtoto, mlimpima miaka yake?"

Daktari Anjila hakumtafsiria profesa swali hilo. Alinijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Mifupa yake ilikuwa midogo mno, mama. Tuliona tuitumie kwa vinasaba tu."

"Mfupa gani?"

"Wa ndani ya sikio. Ndio unaotunza vinasaba vizuri. Tuliusaga ukawa unga."

Sikio lile nililiimbia miezi mitano.

Ngodup akanisogelea na kuninong'oneza. "Fikiria kijiji, shemeji. Mtoto alishakufa siku nyingi. Akiwafaa walio hai, kuna ubaya gani?"

"Kufa kufaana, siyo? Kamsage wako." Nikamgeukia daktari. "Nipe kile kichupa mlichowapa wanaume."

"Tulichukua ya wanaume ili tufuate ukoo wa baba, mama."

"Huyu mfuateni kwa mama yake."

Nikatema mate mbele ya mkutano mzima, profesa akitazama. Nikafunga kifuniko mwenyewe.

Daktari Anjila alirudi wakati wa kuvuna shayiri, peke yake. Profesa alikuwa ametuma barua yenye muhuri, imeandikwa kwamba majibu ya mama na mtoto yameoana, na kwamba lililotokea ni bahati mbaya ya kitaalamu. Nilimrudishia barua yake. Daktari akatoa sanduku la mifupa, akalishika kwa mikono miwili jinsi anavyoshikwa mtoto, na kwa hilo nilimsamehe kidogo. Kisha akatoa karatasi nitie kidole gumba. Nikamwambia anisomee.

"Nimepokea mabaki ya binadamu, namba kumi na nne, zama za kale."

"Futa."

Akafuta. "Niandike nini, mama?"

Ngodup, aliyekuwa amekuja kushuhudia kama mkuu wa kijiji, alidakia kabla sijafungua mdomo. Kwetu jina la marehemu halitajwi zikishapita siku arobaini na tisa, maana akilisikia hugeuka nyuma akapotea njia. Mimi mwenyewe sikuwahi kulitamka, hata nikiwa peke yangu zizini.

"Usilitaje, shemeji. Utamrudisha njiani."

"Alisharudishwa, Ngodup. Amepelekwa ng'ambo, amesagwa, amerudi na namba, na sahihi ni yako. Acha angalau asikie anayemwita ni nani." Nikamwambia daktari: "Andika Kunzom. Binti wa Angdu na Chimi. Miezi mitano."

Akaandika. Nikaweka kidole.

Asubuhi ile ile nilifunga sanduku mgongoni kwa shali, jinsi nilivyokuwa nikimbeba. Ngodup alinifuata mpaka chini ya mwamba, penye ngazi ya kupandia mapangoni, akiniambia kwamba mama hapandi, haijawahi kutokea tangu mababu.

Nikamwambia anishikie ngazi.