Dakika Tano za Kupima Blanketi

Saa nane na dakika kumi mchana, Mzee Giza alivuta namba ya foleni kwenye kimashine cha mlangoni, akamwonyesha mkewe. Sitini na mbili. Wakaenda kukaa kwenye viti vya plastiki vya duka la vifaa vya umeme, yeye na blanketi la umeme mapajani, waya wake umezungushiwa raba. Mkewe alikuwa amefariki wiki sita nyuma. Alivaa sweta lake la kijivu na viatu vya kutokea, maana hata alipokuwa hai hakupenda kwenda mjini ovyo ovyo.

Kijana aliyekaa kando yake alifunga zipu ya jaketi mpaka kidevuni.

"Angalau AC ya hapa inafanya kazi," alisema.

"Ni mimi," mke wa Mzee Giza akamjibu. "Samahani, mwanangu."

Kijana akasema hamna shida, akahamia kiti cha pili.

Jina la Giza mzee alilipata kazini. Alikuwa mhudumu wa jengo la ofisi la ghorofa nne, na kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyefungua asubuhi na kufunga jioni. Kufunga maana yake ni kuzima taa za vyumba arobaini na kimoja. Hakuwa anaangalia tena. Mkono ulipita ukutani wenyewe, tap, tap, tap, huku yeye akiwaza mambo yake. Nyumbani nako mkono haukujua kama kazi imekwisha. Alimzimia bintiye taa ya bafuni mara nyingi tu, mtoto wa watu ana sabuni machoni, anapiga kelele, "Baba, mimi nimo!" Walicheka sana enzi hizo. Tangu mazishi, hakuna mtu wa nyumbani aliyemwita Giza.

Ilikuwa hivi. Moyo wa mkewe ulikuwa umechoka, na daktari akaonya asiruhusu baridi imwingie. Wakanunua blanketi la umeme, la waranti ya miaka miwili. Likazima lenyewe mara mbili. Mke alisema, mume akajibu watalirudisha mwezi ukiisha, kazi zikipungua. Kabla mwezi haujaisha, asubuhi moja ya baridi, aliondoka kwenda kufungua jengo akamwacha mkewe amelala chini ya blanketi hilo. Saa nne binti yao alifika na dawa, akamkuta mama ni baridi na blanketi ni baridi. Katika kumwinua, waya ukavutika, plagi ikatoka. Kama swichi ya soketi ukutani ilikuwa imewashwa au imezimwa, hakuna aliyekumbuka kuangalia.

Binti aliuliza mara moja tu, siku ya tatu, akiosha vikombe.

"Baba, ulipotoka asubuhi ile, mkono ulipita wapi?"

"Sijui," akasema. Ulikuwa ukweli mtupu. Kila usiku aliutazama mkono ule kama mtu anayemtazama shahidi anayekataa kusema.

Binti hakuuliza tena. Alikuja kila Jumapili kama kawaida, ila wakati wa kuondoka alizima taa mwenyewe, mapema, kabla baba yake hajaufikia ukuta.

Ndiyo maana Mzee Giza alilifuata duka. Pesa ya blanketi wenye duka wangeweza kubaki nayo. Alitaka karatasi yenye mhuri, iliyoandikwa kwamba blanketi ni bovu, linazima lenyewe. Karatasi moja ya kumpa bintiye.

Safari ya kwanza alirudishwa. Kadi ya waranti ilikuwa na jina la mkewe. Siku ya kununua, mke ndiye aliyeijaza, kwa sababu mwandiko wa mume ni kama kuku ameparua.

"Hapa anatakiwa mnunuzi mwenyewe, mzee," dada wa kaunta alimwambia.

"Amefariki."

"Pole sana. Aje na kitambulisho."

Jioni ile alimweleza mkewe, alipoingia kwa mlango wa jikoni kama alivyoingia kila jioni tangu azikwe, akavua viatu, akanyoosha mikono kwenye jiko. Mikono haikupata joto, lakini hakuwa mtu wa kulalamika.

"Kesho nina nafasi," alisema.

Namba sitini na mbili iliitwa saa nane na nusu. Kitambulisho kilikuwa kimesalimishwa serikalini. Mke akatoa kibali cha mazishi. Dada wa kaunta alikigeuza nyuma na mbele, akaona jina ni lile lile na tarehe ya kuzaliwa ni ile ile, akakipokea. Tabu ikaja kwenye kusaini. Wino uliganda ndani ya kalamu. Ya pili nayo ikaganda.

"Penseli haikubaliki, mama."

Mzee Giza akaivuvia kalamu ya tatu viganjani mwake mpaka ikalegea, akampa mkewe haraka, naye akasaini kabla haijaganda. Mwandiko wake ulikuwa mzuri vile vile.

Wakapelekwa chumba cha nyuma kwa fundi. Fundi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi. Alilitandaza blanketi mezani, akachomeka plagi, taa nyekundu ikawaka kwenye kidude cha kuwashia, akaangalia saa yake. Baada ya dakika tano aliligusa.

"Lina moto. Halina kasoro."

"Kwa dakika tano halina," Mzee Giza alisema. "Linazima ukishalala. Baada ya saa mbili hivi."

"Mzee wangu, fomu inasema dakika tano."

"Mtu analala dakika tano?"

Fundi aliinamia fomu yake. Nyuma yake palikuwa na rafu mpaka darini, na kwenye rafu mablanketi ya aina hiyo hiyo, kila moja limekunjwa na kubandikwa kikaratasi. Halina kasoro. Halina kasoro.

"Yote haya ni ya nani?"

"Wenyewe hawajarudi kuyachukua."

Mke wa Mzee Giza alisogea mezani. Alivua viatu, akavipanga chini ya meza, akapanda, akajifunika mpaka mabegani. "Basi nilipime mimi," alisema. "Ndimi mnunuzi."

Fundi akaangalia mlangoni, akaona hakuna mteja mwingine aliyeitwa. Akavuta kiti. Mzee Giza akavuta kingine, akaukalia mkono wake wa kulia.

Walikaa. Fundi alitengeneza pasi mbili. Saa tisa na nusu mke alisema anasikia joto, kidogo, kwenye magoti, na Mzee Giza akageuza uso ukutani kwa muda. Saa kumi na dakika arobaini alisema, "Limekwenda."

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Fundi aliingiza kipimajoto chini ya blanketi, akakitoa, akakifuta barafu, akakisoma.

"Limezima," Mzee Giza alisema. "Umeona mwenyewe. Andika."

"Nimeona baridi. Lakini baridi hii imetoka kwenye blanketi au kwa mama?" Fundi alifungua kijitabu cha waranti, akamwekea kidole. "Kipengele cha saba. Waranti haihusu blanketi lililotumiwa na mwili usio na joto lake."

"Siku lilipozima alikuwa nalo."

"Una cheti kinachoonyesha?"

Mzee Giza alitoa cheti cha kifo. Kilikuwa na tarehe, hakikuwa na saa. Fundi alikisoma chote, taratibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nina watoto wanne, mzee wangu," alisema kwa sauti ya chini, akapiga mhuri pale fomu ilipomruhusu: Halina kasoro.

Walipotoka, foleni ilikuwa bado ndefu. Watu watano walikuwa na mablanketi mapajani. Kando ya watatu kati yao kulikaa jamaa zao waliotulia sana, mmoja ni mtoto wa miaka kama sita aliyevalishwa soksi nyeupe mpya, na viti vyao vilikuwa na ukungu wa barafu. Dada wa kaunta alikuwa amevaa glavu. Dirishani walikuwa wanapanga mablanketi mapya.

Jumapili binti alikuja jioni. Baba yake alimpa karatasi. Akaisoma, akaikunja mara nne.

"Mama," alimwambia mama yake aliyekaa karibu na jiko, "wewe ulikuwepo. Lilizima, au lilizimwa?"

"Nilikuwa nimelala, mwanangu."

Binti alitikisa kichwa polepole. Kisha akainuka, akaleta blanketi, akamfunika mama yake mabegani, akachomeka plagi. Taa nyekundu ikawaka. Wakakaa watatu wakiitazama, wakiongea mambo ya kawaida, paa linalovuja, jirani aliyehama. Saa zikapita. Mtu wa kwanza kunyamaza alikuwa mama.

"Bado lina moto, mama?"

"Usijali," mama alisema.

Mzee Giza akainuka kwenda kunywa maji. Alipopita mlangoni, mkono ulifika ukutani, tap, na jikoni kote kukawa giza, wenyewe wakiwa bado ndani.

Hakuna aliyesema kuwa yumo. Alisimama pale na kikombe, akisubiri mtu acheke. Gizani palionekana taa nyekundu peke yake, imewaka vizuri kabisa, na chini yake blanketi lilikuwa baridi.